Kopo lenye makala: historia ya mvuke wa esanse, kutoka Los Angeles mpaka Musienene

Wiki iliyopita, katika garaji moja kando ya barabara hapa Musienene, fundi kijana alikuwa amelala chini ya kamioneti ya zamani inayokunywa esanse. Akatoa kopo jeusi la plastiki, lenye tiyo tatu juu yake. Akalipasua kwa nyundo aone kuna nini. Zikamwagika chembe nyeusi.

«Papa,» akamwambia mwenye gari, «ni makala tu. Haina kazi.»

Mwenye gari akainama, akaangalia, akauliza: «Kumbe wazungu nao wanapika chini ya gari?»

Tukacheka wote. Kopo likatupwa penye takataka, na ile tiyo iliyotoka kwenye tanki ikaachwa wazi, inaning'inia. Jioni gari likaondoka, likatuachia harufu ya esanse.

Usiku uleule nilipita kusalimia jamaa mbili zilizokimbia vita, ambazo zimepokelewa katika nyumba ya ndugu yao. Pikipiki ya mwenye nyumba ilikuwa imeingizwa ndani, kwa kuogopa wezi. Pembeni yake bidoni mbili za esanse za kuuza asubuhi. Hatua tatu kutoka hapo, mbabula yenye moto, na watoto sita wamelala chini kwenye mkeka. Harufu ilikuwa ileile ya garaji. Hapo kicheko changu kikaisha.

Ndugu wasikilizaji, nanyi jamaa ambao mko njiani mbali na mashamba yenu, kopo lile lililotuchekesha lina historia yake. Ni historia ya watu waliogundua kwamba hewa iliyo juu ya esanse ni hatari kama esanse yenyewe. Sisi tuliletewa kopo bila kuletewa habari zake. Leo ninawaletea habari hizo.

Esanse inapumua

Kila dereva anayetoka Kasindi anajua jambo hili, hata kama hakulisoma shuleni. Ukijaza bidoni ya esanse kule bondeni kwenye joto, ukaifunga vizuri, ikipanda mpaka Butembo imevimba. Ukilegeza kizibo, inapiga mluzi. Hakuna mtu aliyeongeza kitu njiani. Kilichoivimbisha ni mvuke: sehemu ya esanse imegeuka hewa, na huku kwetu milimani hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya bondeni, haiibani bidoni kwa nguvu ileile.

Mazutu haiko hivyo. Mazutu lazima ipashwe joto kupita digrii 50 ndipo mvuke wake uweze kushika moto kwa cheche. Esanse inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi kali ya digrii 40 chini ya sifuri. Ndiyo sababu kamio kubwa za mazutu zinazotuletea saruji na mchele hazina kopo la makala. Hazilihitaji. Kopo ni la magari ya esanse.

Na mvuke huo una tabia mbili za kukumbuka. Ya kwanza, hauonekani. Ya pili, ni mzito kuliko hewa, mara tatu au zaidi. Moshi wa kuni unapanda juu na kutokea kwenye paa. Mvuke wa esanse unashuka. Unatambaa sakafuni, unafuata mteremko, unaingia kwenye shimo na kukaa humo. Unaweza kukutana na moto mbali na bidoni uliyotoka, kisha moto ukarudi nyuma kwa njia ileile mpaka kwenye bidoni.

Mji uliolia machozi

Miaka ya 1940, mji wa Los Angeles kule Marekani ulianza kufunikwa na ukungu wa rangi ya kahawia. Mwezi wa saba mwaka wa 1943 ukungu ulikuwa mzito hata watu wakalia machozi barabarani na kukohoa. Ilikuwa wakati wa vita, na wengine walidhani adui amewapiga kwa gesi. Serikali ilifuata viwanda, ikafunga kimoja, lakini ukungu ukabaki.

Aliyetoa jibu ni mtaalamu wa kemia aliyezaliwa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyefundisha katika chuo cha Caltech. Huyu bwana kazi yake ya kwanza haikuwa magari hata kidogo: alikuwa akichunguza ni kitu gani kinachoipa nanasi harufu yake. Aliombwa atumie ujuzi uleule kwa hewa ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaonyesha kwamba ukungu ule unapikwa na jua. Mvuke wa mafuta ya magari unachanganyika na moshi wa injini, jua linawaka juu yake, na hapo inazaliwa sumu inayochoma macho na mapafu.

Baadaye wataalamu wakapima gari linachafua hewa kupitia wapi. Watu wengi walidhani ni bomba la moshi peke yake. Bomba lilitoa sehemu kubwa, kweli. Lakini karibu sehemu moja kwa tano ya mafuta yaliyopotea hewani bila kuungua ilitoka kwenye tanki na kabureta, kwa mvuke tu. Na mvuke huo unatoka hata gari likiwa limesimama, injini imezimwa, dereva amelala. Mwenye gari alikuwa akinunua esanse, kisha jua linainywa bure.

Makala yanayokamata hewa

Sasa, mvuke usioonekana utaukamata kwa nini? Jibu lilikuwa limekwisha kupatikana katika vita vingine.

Mwaka wa 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Ulaya yalianza kutupiana gesi ya sumu. Mrusi mmoja mtaalamu wa kemia, Nikolai Zelinsky, akaonyesha kwamba makala yaliyotengenezwa kwa namna ya pekee yanaweza kushika gesi ile kabla haijafika kwenye pua ya askari. Makala hayo yakawekwa ndani ya vifuniko vya uso. Mwaka wa 1918, huko Marekani, raia waliombwa kukusanya kokwa za matunda na maganda ya nazi ili yachomwe yawe makala ya kazi hiyo. Makombo ya jikoni yaliokoa mapafu ya watu.

Sisi tunayajua makala ya kupikia. Haya mengine ni ndugu yake, lakini yamepitishwa tena kwenye moto mkali pamoja na mvuke wa maji, au yamepikwa na dawa, mpaka kila chembe ikajaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukiweza kuvikunjua vitundu vya gramu moja tu, vitatandika eneo la zaidi ya mita za mraba 500, yaani uwanja mkubwa wa nyumba. Gesi ikipita humo, inanata kwenye kuta za vitundu hivyo na kukaa.

Sheria ya 1970

Jimbo la California likaanza kuwabana watengenezaji wa magari hatua kwa hatua. Kwanza ilikuwa hewa inayotoka tumboni mwa injini. Kisha bomba la moshi, kwa magari ya 1966. Mwishowe mvuke wa tanki: magari madogo ya mwaka wa 1970 yalilazimishwa kuuzuia, na mwaka uliofuata sheria ikaenea Marekani yote. Kamio za esanse zenye uzito mkubwa zilifuata baadaye. Japani nayo ikaweka sheria yake katika miaka ya 1970.

Kopo linafanya kazi hivi. Jua linapopasha tanki, mvuke hautoki nje tena. Unapita kwenye tiyo mpaka ndani ya kopo, na makala yanaushika. Ukiwasha injini na gari likatembea, tiyo ya pili inafunguka na injini inavuta hewa safi kupitia makala. Hewa hiyo inaubandua mvuke na kuupeleka kwenye injini, unaungua pamoja na esanse nyingine. Makala yanabaki matupu, tayari kwa jua la kesho. Kwenye magari ya zamani yenye kabureta hata umeme hautumiki: mvuto wa injini yenyewe ndio unaofungua njia. Tiyo ya tatu ni mlango wa hewa, ili tanki lisifyonzwe likabonyea wakati esanse inapungua.

Kwa hiyo lile kopo letu halikuwa jiko la wazungu. Lilikuwa ghala la mvuke, na mvuke ni esanse ambayo mwenye gari alikuwa ameilipia.

Lilivyofika kwetu

Kamio za miaka ya 1940 na 1950, za aina ya Chevrolet, Ford na Bedford, nyingi zilikunywa esanse, na hazikuwa na kopo. Tanki lilipumua moja kwa moja nje. Baadaye kamio za mazutu zikachukua kazi nzito, na esanse ikabaki kwa kamioneti, gari ndogo na sasa pikipiki.

Magari mengi yaliyotengenezwa kwa kuuzwa katika nchi zisizo na sheria ya mvuke yaliachwa bila kopo. Lakini gari la okazioni linakuja kama lilivyotumika huko kwao. Likitoka Japani na kopo lake, linashukia bandarini Mombasa au Dar es Salaam na kopo lake, linavuka Uganda, linapita Kasindi, linapanda mpaka kwetu. Kitabu cha maelezo hakiji nalo, na kikija, kimeandikwa Kijapani.

Tusiwatukane mafundi wetu. Gari limepigwa miaka 30, vumbi limeziba mlango wa hewa wa kopo, tanki halipumui. Gari likipanda mlima linakosa esanse na kuzimika. Fundi anatafuta, anakata tiyo, gari linapanda vizuri, mwenye gari analipa na kushukuru. Nani atamwambia amekosea? Dawa ilikuwa kusafisha mlango wa hewa, au kutafuta kopo lingine kwenye gari lililokufa. Lakini hakuna aliyemwonyesha.

Nilirudi garajini siku iliyofuata nikamweleza habari hii. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: «Na wewe, yaya, jana ulicheka kwa nini?» Sikuwa na jibu.

Barabara ya mafuta

Esanse yetu inasafiri njia ndefu. Inashuka melini Mombasa. Tangu mwaka wa 1978 kuna bomba kubwa linaloipeleka Nairobi, na mwaka wa 1994 bomba likafikishwa Eldoret na Kisumu. Kutoka huko kamio za tanki zinaichukua mpaka Uganda, Mpondwe, Kasindi, Beni, Butembo. Wakubwa wanakumbuka mwanzo wa mwaka wa 2008, fujo za uchaguzi zilipofunga barabara za Kenya: esanse iliadimika mpaka huku, na bei ikapanda.

Kwenye barabara hiyohiyo, tarehe 31 mwezi wa kwanza mwaka wa 2009, kamio ya tanki ilianguka Sachangwan, kati ya Nakuru na Eldoret. Watu wakaja na ndoo na bidoni. Mvuke ulikuwa umekwisha kutanda kila mahali. Ukashika moto, na zaidi ya watu 100 wakafa.

Mwaka uliofuata ikawa zamu yetu. Tarehe 2 mwezi wa saba mwaka wa 2010, kamio ya mafuta iliyotoka Tanzania ilipinduka Sange, kati ya Uvira na Bukavu, katika Kivu ya Kusini. Wengine walikimbilia kuchota. Wengine hawakuchota hata tone: walikuwa ndani ya nyumba za karibu wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Moto ukawafuata humo. Walikufa zaidi ya watu 230, na wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja. Na tarehe 6 mwezi wa kumi mwaka wa 2018, Mbuba, kwenye barabara ya Kinshasa na Matadi, watu wapatao 50 waliungua baada ya kamio ya tanki kugongana na gari lingine.

Baada ya misiba hii husemwa kwamba watu walikufa kwa tamaa. Mimi sisemi hivyo. Mtu ambaye bidoni moja ya esanse ni mshahara wake wa siku nyingi hahitaji kufundishwa umaskini wake. Alichokosa ni habari moja: kwamba moto haungoji uguse esanse. Wale wa Sange waliokuwa wakitazama mpira hawakuigusa. Mvuke ndio uliowafikia.

Nyumbani kwetu, leo

Tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwezi wa sita mwaka wa 2024, barabara hii ya kutoka Lubero imepitisha jamaa nyingi zikibeba magodoro na watoto. Nyingine zimekimbia wauaji wa upande wa Beni, zikahama mara mbili au tatu. Wengi hawako katika kambi. Wako katika nyumba za watu, chumba kimoja kwa jamaa mbili, au katika darasa la shule. Pikipiki inalala pamoja na watu. Biashara ndogo ya Kadhafi, yaani kuuza esanse kwa chupa na bidoni kando ya barabara, ni mojawapo ya kazi chache ambazo kijana aliyekimbia anaweza kuanza bila shamba. Kwa hiyo esanse nayo inalala ndani.

Hapo hakuna kopo la makala. Kilichobaki ni akili zetu. Yafuatayo hayaombi pesa:

Bidoni ya esanse ilale nje ya chumba cha kulala, kwenye kivuli, mahali palipofungwa kwa ufunguo na penye hewa. Kama hakuna mahali pengine, iwe mbali na mbabula, mshumaa na taa, na mlango au dirisha viwe na upenyo chini, kwa kuwa mvuke unakaa chini, penye mkeka wa watoto.

Usijaze bidoni mpaka mdomoni. Acha nafasi, maana esanse itapanuka jua likitoka. Kizibo kikiwa kimepasuka, karatasi ya plastiki haitoshi. Tafuta kizibo kingine.

Pikipiki kabla ya kuingia ndani, funga robine ya esanse na uiache ipoe nje kwanza.

Usipime esanse usiku kwa mwanga wa mshumaa au taa ya petroli. Tumia tochi, na uiwashe kabla ya kufungua bidoni. Wala usichanganye esanse na petroli ya taa. Taa iliyotengenezwa kwa petroli inaweza kulipuka ikipewa esanse.

Usinyonye esanse kwa mdomo ukitaka kuihamisha. Tone likiingia kwenye mapafu linaweza kuua. Mtoto akiinywa, usimlazimishe kutapika. Mpeleke haraka kwenye kituo cha afya. Na ndani ya mvuke huo mna benzini, ambayo wataalamu wa kansa duniani wameiweka katika kundi la vitu vinavyoleta kansa ya damu kwa mtu anayeivuta muda mrefu. Kijana wa Kadhafi akae upande ambako upepo unatokea, asikae juu ya bidoni kutwa.

Kwa mafundi na wenye kamioneti: msikate kopo. Likiwa zima, safisheni mlango wake wa hewa. Likiwa limekufa, tafuteni lingine kwenye gari bovu. Msilijaze makala ya jikoni: hayana vitundu vile, na vumbi lake litaingia kwenye kabureta. Tiyo ya tanki isiachwe wazi karibu na bomba la moshi. Wala msiizibe kabisa, tanki litabonyea. Na mkijaza esanse, msilazimishe mpaka imwagike, maana ya ziada inaweza kuingia kwenye kopo na kulowesha makala, yasishike mvuke tena.

Usiku ule, kabla ya kuaga, nilimwomba mama mwenye nyumba tutoe zile bidoni mbili. Alisita: «Zikiibwa, tutakula nini?» Swali lake ni la haki. Tulizunguka nyumba, tukaona chumba cha mbuzi upande wa nyuma, chenye komeo. Mbuzi aliuzwa zamani, wageni walipofika. Bidoni zikalala humo. Tulipofungua mlango wa mbele na kungoja kidogo, harufu ilipungua, na mmoja wa wale watoto akageuka usingizini bila kuamka.